Maradhi ya Tezi na Ini ya Fereti Si Majaliwa

Imezoeleka miongoni mwa wafugaji wa Marekani, na hata miongoni mwa baadhi ya madaktari wa wanyama wanaowahudumia, kusema kwamba fereti, mnyama mdogo mla nyama wa jamii moja na kicheche, ameumbwa na udhaifu wa tezi za adrenali, na kwamba anayemfuga hana budi kuutarajia ugonjwa wa tezi hizo kama mtu anavyotarajia mvi uzeeni. Kauli hiyo hupata nguvu kutokana na wingi wa wagonjwa. Fereti waliofikisha miaka mitatu au minne wakiwa wamenyonyoka manyoya ya mkia, kisha ya mgongo na ya mbavu, hupokewa katika kliniki nyingi zinazowatibu wanyama hao, na jambo linaloonekana kila siku huchukuliwa upesi kuwa la kawaida, kisha la kawaida likachukuliwa kuwa la asili. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Ugonjwa huu umeletwa kwa kiasi kikubwa na mikono ya watu, unafuata njia inayojulikana hatua kwa hatua, na kuuita hulka ya mnyama ni kumsingizia mnyama jambo alilotendewa. Fikra hiyohiyo imeenea hadi kwenye ini, ambako dosari za kila namna hubebeshwa tezi bila uchunguzi, na wanyama ambao wangeweza kutibiwa huhukumiwa kufa.

Tezi za adrenali ni mbili, ndogo, zimekaa karibu na figo, na tabaka lao la nje, liitwalo gamba, hutengeneza homoni za aina ya steroidi: kortisoli inayousaidia mwili kukabili misukosuko, aldosteroni inayodhibiti chumvi na maji, pamoja na kiasi kidogo cha homoni za jinsia. Katika kiinitete, gamba hilo na tezi za uzazi, yaani ovari na korodani, hutokana na kundi moja la seli ambalo baadaye hugawanyika, kila sehemu ikaenda mahali pake. Udugu huo haufutiki kabisa. Ndani ya gamba la adrenali la fereti zimekutwa seli zenye vipokezi vya homoni iitwayo LH, ambayo hutoka katika tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo na ambayo kazi yake ya kawaida ni kuziamuru ovari na korodani zifanye kazi. Maadamu tezi za uzazi zipo, homoni zake hurudi kwenye ubongo na kuutaarifu kwamba amri imetekelezwa, nao ubongo hupunguza amri. Tezi hizo zikiondolewa, taarifa haiji tena. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huendelea kuihimiza pituitari, pituitari humwaga LH bila kizuizi, na LH hiyo, isipokuta ovari wala korodani, huzikuta zile seli za adrenali zinazoweza kuipokea. Seli zinazochochewa hivyo mwaka nenda mwaka rudi huongezeka kupita kiasi, huanza kutoa homoni za jinsia kwa wingi, na baadhi yake huishia kuwa uvimbe, ama ule usiosambaa ama ule wa saratani.

Dalili zote kuu za ugonjwa hueleweka kwa njia hiyo. Jike aliyeondolewa ovari huvimba sehemu ya nje ya uke kana kwamba yumo kwenye joto; dume aliyehasiwa hurejea kupanda wenzake, kunuka na kutia alama kwa mkojo, na tezi dume yake huweza kuvimba hadi ikaubana mrija wa mkojo, hali inayoua kwa muda mfupi asipopata msaada. Manyoya hunyonyoka pande zote mbili kwa ulinganifu, na ngozi huwasha. Mwanzoni mwa ugonjwa, manyoya ya mkia huanguka majira ya kuchipua na kuota tena vuli, na wafugaji wengi hulipuuza jambo hilo wakidhani ni kubadilisha koti la msimu, ilhali ni tezi inayofuata kalenda ileile ya uzazi ambayo mnyama alinyang'anywa.

Anayesema kwamba ugonjwa huu ni wa uzee anapaswa kuyajibu matokeo ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi, yaliyochapishwa mwaka 2000. Watafiti hao walilinganisha umri ambao fereti walihasiwa na umri ambao ugonjwa ulijitokeza, wakakuta kwamba viwili hivyo huandamana: aliyehasiwa mapema aliugua mapema, aliyehasiwa baadaye aliugua baadaye, na kati ya kisu na ugonjwa ilipita takriban miaka 3.5. Kama chanzo kingekuwa uzee, saa ya ugonjwa ingeanza kuhesabu siku ya kuzaliwa, na wote wangeugua katika umri unaokaribiana bila kujali walihasiwa lini. Matokeo yanaonyesha kwamba saa huanza kuhesabu siku ya kuhasiwa. Uchunguzi huohuo ulikadiria kwamba wagonjwa miongoni mwa fereti wa Uholanzi walikuwa chini ya asilimia 1, kadirio ambalo daktari wa Marekani aliyezoea kuwaona wagonjwa hao mfululizo atapata shida kuliamini. Fereti wa Uholanzi na wa Marekani ni mnyama mmoja, aliyetokana na kicheche wa Ulaya aliyefugwa tangu zamani kwa ajili ya kuwinda sungura. Wanaotofautiana ni watu wanaomfuga na desturi zao.

Wala fereti si wa kwanza kutoa somo hilo. Tangu miaka ya 1940 imejulikana kwamba panya wa maabara wa koo fulani, wakiondolewa tezi za uzazi wakiwa wachanga, huota uvimbe katika gamba la adrenali, na uvimbe huo hutoa homoni za jinsia. Wapo wanaoitumia habari hiyo ya koo kujitetea, wakidai kwamba nasaba ndiyo yenye lawama. Dai hilo lina ukweli ndani yake, kwa kuwa nasaba inaweza kuamua nani ataugua kwanza na kwa ukali gani, lakini halibadilishi kiini cha jambo: koo hizo za panya hupata uvimbe huo baada ya kunyang'anywa tezi za uzazi, na kwa fereti ambao hawajahasiwa ugonjwa huonekana mara chache mno. Kuilaumu nasaba huku kisu kikiachwa bila kuhojiwa ni kumwachia mtendaji na kumshika shahidi.

Sababu ya kisu hicho kutumika mapema kiasi hicho inajulikana. Katika mashamba makubwa ya Marekani yanayozalisha fereti kwa ajili ya maduka ya wanyama, watoto huhasiwa na kuondolewa tezi za harufu zilizo karibu na mkundu wakiwa na umri wa wiki 6 hivi, ili wafike dukani wakiwa tayari kuuzwa, wadogo, wa kupendeza na wasiozaliana. Mfanyabiashara anafaidika mara mbili, kwani mteja hapati usumbufu wa harufu wala wa joto la uzazi, na hakuna mteja anayeweza kugeuka mzalishaji mshindani. Gharama huja miaka mitatu au minne baadaye, na hulipwa na mtu mwingine kabisa, pamoja na mnyama mwenyewe.

Limezuka kundi la pili, lenye nia njema zaidi, linalokubali nusu ya hoja na kusema kwamba dawa ni kuchelewesha tu: mnyama ahasiwe akifikisha mwaka, na mambo yatatengemaa. Msimamo huu nao haukidhi. Fereti wa Uholanzi kwa kawaida walihasiwa wakiwa wakubwa kuliko wale wa Marekani, na bado walikuwamo waliougua. Kuchelewesha kunaahirisha ugonjwa, na kwa mnyama anayeishi miaka sita hadi minane kuahirisha ni neema kubwa, kwa sababu wengine watakuwa wamekufa kwa mambo mengine kabla saa haijafika. Hata hivyo mkondo wa LH unabaki uleule, na kuuita ufumbuzi ni kuwapa wafugaji matumaini yasiyo na msingi.

Hapa mtetezi wa kuhasi hutoa hoja yake nzito kuliko zote, nayo inastahili jibu kamili. Fereti jike hatoi yai mpaka apandwe na dume. Asipopandwa, hubaki kwenye joto kwa majuma na miezi, na homoni ya estrojeni inayojaa katika damu yake huudhoofisha uboho, yaani sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza chembe za damu, hadi mnyama akafa kwa kuishiwa damu na kuvuja. Kwa hiyo, asema mtetezi, asiyehasi anaua. Ni kweli kwamba jike asiyezalishwa hawezi kuachwa hivyohivyo, na yeyote anayewashauri wafugaji waache tu maumbile yafanye kazi yake anawapeleka majike kwenye kifo kibaya. Kosa la mtetezi liko katika kudhani kwamba njia ni mbili tu, kisu au kifo.

Njia ya tatu ni kipandikizi cha deslorelini, kijiti kidogo kinachowekwa chini ya ngozi na kutoa dawa taratibu kwa muda mrefu. Dawa hiyo huiga amri ambayo haipothalamasi huipelekea pituitari. Kwa kawaida amri hiyo huja kwa vipindi, na pituitari huitikia kila kipindi. Ikija mfululizo bila kukoma, pituitari huchachamaa kwa siku chache, kisha huacha kabisa kuitikia, na LH hushuka. Dawa za kundi hilo hutumika pia kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume, kwa sababu ileile ya kuzima homoni kutoka chanzo chake. Fereti mwenye kipandikizi hapati joto, hazalishi, na harufu yake hupungua, lakini LH yake, badala ya kupanda kama ya aliyehasiwa, hushuka. Mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi walichapisha ulinganisho wa madume waliohasiwa na wale waliowekewa kipandikizi, wakaonyesha kwamba kipandikizi kinaweza kushika nafasi ya upasuaji. Kabla ya hapo, mwaka 2005, fereti 15 waliokwisha kuugua walipewa kipandikizi cha dawa hiyohiyo nchini Marekani. Dalili zilipungua au kutoweka, na kwa wastani zilirejea baada ya karibu miezi 14. Dawa inayoshusha LH isingeweza kutuliza ugonjwa ambao LH haihusiki nao. Kwa hiyo matokeo hayo ni tiba na ni ushahidi kwa pamoja.

Mwanga nao umo ndani ya shauri hili, ingawa husahaulika. Fereti ni mnyama ambaye uzazi wake huamshwa na siku zinazorefuka; gizani ubongo hutoa melatonini, homoni inayozizuia amri za uzazi, na usiku mrefu wa majira ya baridi humpa mnyama miezi ya mapumziko. Fereti anayelala sebuleni chini ya taa hadi usiku wa manane anaishi katika kiangazi kisichokwisha, na tezi zake hazipati likizo. Kumpa giza la kutosha hakugharimu chochote.

Makosa ya kuelewa chanzo huzaa makosa ya utambuzi. Kwa kuwa mbwa huugua maradhi ya adrenali yaitwayo Cushing, ambayo msingi wake ni kortisoli nyingi kupita kiasi, madaktari wengi waliofunzwa juu ya mbwa walimchukua fereti kuwa mbwa mdogo, wakampima kortisoli, wakaikuta ya kawaida, na kumrudisha nyumbani akiwa mgonjwa vilevile. Kwa fereti kinachopanda ni estradioli, androstenedioni na 17-hidroksiprojesteroni, ambazo ni homoni za jinsia au hatua za kuelekea kwenye homoni hizo, na kipimo kinachofaa ni cha hizo tatu pamoja, kikisaidiwa na altrasaundi. Hata kipimo hicho kinadai akili ya daktari, maana jike aliyebakizwa kipande cha ovari wakati wa upasuaji anaweza kutoa picha inayofanana.

Mazoea hayo ya kumsoma fereti kwa kitabu cha mbwa ndiyo yanayolitesa ini. Kwa mbwa mwenye Cushing, kortisoli nyingi hulijaza ini sukari iliyohifadhiwa, seli zake huvimba, na vimeng'enya vya ini, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemikali mwilini, hupanda katika damu. Daktari anayeijua habari hiyo akikuta kimeng'enya cha ALT kimepanda kwa fereti mwenye uvimbe wa adrenali, huandika kwamba ini limeathiriwa na tezi na kufunga jalada. Lakini fereti huyo hana kortisoli ya ziada. Nguzo iliyobeba maelezo yote kwa mbwa haipo, na ALT iliyopanda inabaki bila maelezo. Kuiacha hivyo ni uzembe wenye madhara, kwa kuwa ini la fereti lina maradhi yake mengi, na kila moja linahitaji tiba yake.

Fereti aliyeacha kula kwa sababu yoyote, hata kwa maumivu ya jino, huanza kuyeyusha mafuta ya mwili upesi, na mafuta hayo hulundikana katika ini. Tiba yake ni chakula, na anaweza kupona. Bakteria aitwaye Helicobacter mustelae, anayeishi katika matumbo ya fereti wengi, husababisha vidonda vya tumbo, na bakteria wa jamii yake wamehusishwa na uvimbe sugu unaozunguka mirija ya nyongo ndani ya ini. Ugonjwa wa Aleutian, unaoletwa na kirusi cha kundi la parvo, huvuruga kinga ya mwili na kushambulia figo na ini pamoja. Kirusi cha korona cha fereti huacha vinundu vinavyoweza kuonekana ndani ya ini na kudhaniwa kuwa saratani. Mwaka 2012 kilitambuliwa nchini Uholanzi kirusi cha homa ya ini cha aina ya E kilicho maalumu kwa fereti. Hata shaba imewahi kulitia sumu ini la mnyama huyu, kama ilivyoripotiwa katika miaka ya 1990 kwa fereti wawili ndugu. Juu ya hayo kuna limfoma, saratani ya chembe za kinga, ambayo ni miongoni mwa saratani za kawaida za fereti na ambayo hupenda kujipenyeza katika ini na bandama. Kuna vifuko vya majimaji vinavyoota kutoka katika mirija ya nyongo. Na kuna vinundu vya seli za ini zilizoongezeka tu bila nia ya kusambaa.

Mbele ya orodha hiyo, hukumu inayotolewa mara nyingi mezani pa upasuaji haina msingi. Daktari anafungua tumbo ili aondoe adrenali, analiona ini lina madoa au vinundu, anaamua kwamba saratani ya tezi imesambaa, na anamshauri mfugaji kwamba mnyama asiamshwe kutoka katika nusu kaputi. Uvimbe wa adrenali wa fereti, hata ule ambao hadubini huuita saratani, husambaa mbali mara chache. Jambo linaloweza kutokea ni uvimbe wa tezi ya kulia kuvamia vilivyo jirani, kwa sababu tezi hiyo imejibanza chini ya ini na kushikamana na vena kuu, mshipa mpana unaorudisha damu ya sehemu ya nyuma ya mwili moyoni. Madoa yaliyotapakaa katika ini, yaliyo mbali na tezi, yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa moja ya yale maradhi mengine. Macho hayawezi kuyatenganisha. Kipande kidogo cha ini kikikatwa na kusomwa chini ya hadubini kinaweza, na tumbo likiwa tayari limefunguliwa hakuna udhuru wa kutokukichukua. Kumuua mnyama kwa kosa la kusoma madoa ni jambo ambalo taaluma ya tiba haipaswi kulivumilia.

Hoja ya kusambaa kwa nadra haimaanishi kwamba kila adrenali iliyovimba ni ileile. Mwaka 2001 ziliripotiwa teratoma katika adrenali za fereti wanne, yaani uvimbe wenye mchanganyiko wa tishu za asili tofauti ambazo hazina kazi mahali hapo, na mwaka 2008 iliripotiwa hali ya tezi kutoa aldosteroni kupita kiasi, ambayo hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu, na ambayo kipimo cha homoni za jinsia kingeipita bila kuitambua. Visa hivyo ni vichache, lakini vinatosha kuivunja desturi ya kuandika jina moja kwa kila tezi kabla ya kuichunguza.

Upasuaji wenyewe una mahali pake, hasa kwa tezi ya kushoto, ambayo imezungukwa na mafuta na huondolewa bila shida kubwa, na kwa uvimbe unaokua ingawa dalili zimetulizwa na dawa, kwa maana seli zilizokwisha kujitegemea zinaweza kuendelea kukua hata LH ikishuka. Kinachopingwa ni imani kwamba kisu cha pili kinafuta deni la kisu cha kwanza. Tezi moja ikiondolewa, LH ileile huigeukia iliyobaki, na ndiyo maana ugonjwa hurejea upande wa pili kwa wanyama wengi. Zikiondolewa zote mbili, mnyama anaweza kuhitaji dawa za kuziba pengo la kortisoli na aldosteroni maisha yake yote. Daktari anayepasua bila kuizima LH baadaye ameondoa kilichovimba na kukiacha kinachovimbisha.

Hadi sasa, fomu nyingi za kliniki zinazopokea fereti huuliza umri, uzito na jinsia ya mnyama, na husema kama amehasiwa au la, lakini haziulizi alihasiwa akiwa na umri gani wala analala chini ya saa ngapi za mwanga. Maswali hayo mawili yakiingizwa katika kila jalada, pamoja na jibu la hadubini kwa kila ini lililotiliwa shaka, anayeendelea kusema kwamba fereti ameumbwa kuugua atalazimika kuthibitisha kauli yake kwa rekodi za wagonjwa wake mwenyewe.